Kinyago kimefika kimevunjika: kwanza boksi lisitupwe

Mkuu mleta mada, pole sana. Nimekuelewa hivi: ulinunua kinyago cha mpingo pale Mwenge kwa laki nne, ukamtumia dada yako aliyeko Hamburg, kimefika mkono mmoja umekatika begani. Unauliza kama utalipwa, na unasema dada ameshaanza kutafuta gundi.

Kabla hujaendelea kusoma, mpigie simu. Gundi isiguse kile kinyago, na boksi lisitoke ndani ya nyumba. Boksi, karatasi za ndani, sponji, stika yenye namba, selotepu iliyochanwa, kipande kilichokatika, hata vumbi la mbao lililobaki chini, vyote vikae kama vilivyo. Apige picha pande zote sita za boksi, halafu kona moja moja kwa karibu, na stika isomeke.

Nina sababu ya kuanzia hapo. Natuma vinyago nje ya nchi mwaka wa 11 sasa, na nimedai fidia mara tano. Tatu nimelipwa, mbili nimekosa, na hizo mbili nilizokosa zinafanana: boksi halikuwepo. Ya kwanza mteja alikuwa Uswidi, mtu mwema kabisa, alinitumia picha 14 za kinyago kilichovunjika, kila upande, mwanga mzuri. Lakini boksi lilikuwa limeshaondoka na taka za karatasi asubuhi ileile. Kampuni ikanijibu sentensi moja, kwamba haiwezi kuthibitisha kama ufungashaji ulitosha. Nilibishana nao miezi miwili na sikupata hata shilingi.

Unajua kwa nini walinishinda? Anayebeba mzigo ana njia chache za kukwepa kulipa, na mbili ndizo utakazokutana nazo: aseme ulifunga vibaya, au aseme kitu chenyewe kina kasoro ya asili. Zote mbili zimo kwenye sheria za usafirishaji za kimataifa, hawazitungi. Picha ya kinyago haijibu hata moja. Boksi lililobonyea kona, huku ndani sponji ikiwa bado mahali pake, linajibu ile ya kwanza bila maneno mengi.

Ile ya pili ndiyo inayotusumbua sisi wa mpingo, kwa hiyo hapa nisikilize vizuri. Mpingo ni mti mzito, ukiutia majini unazama, na unakauka polepole sana. Mchongaji akichonga gogo ambalo bado bichi, kinyago kikatoka joto la Dar kikaingia kwenye nyumba ya Ulaya yenye hita na hewa kavu, kinaweza kupasuka chenyewe kabatini. Mkaguzi mwenye uzoefu anajua hilo na atakuandikia kwamba mbao imepasuka kwa ukavu. Hiyo ndiyo kasoro ya asili, na hailipwi.

Sasa mwambie dada achukue kile kipande cha mkono akakiangalie dirishani. Ufa wa ukavu hufuata nyuzi za mti. Unakimbia kwa urefu, mara nyingi kutoka kwenye kiini kuelekea nje, au unaanzia pale mti mweusi unapokutana na ile tabaka ya nje yenye rangi ya krimu. Kingo zake huwa laini, na ukijaribu kuzirudisha pamoja zinabaki na nafasi kwa sababu mbao imesinyaa. Mvunjiko wa kuanguka hauko hivyo. Unakata nyuzi kwa kupita, uso wake una meno meno na vibanzi vidogo, hauna ule mng'ao wa nta wa nje, na ukikirudisha kipande kinaingia mahali pake bila nafasi. Dai langu la tatu nililishinda kwa picha mbili tu za namna hiyo: moja ya uso wa mvunjiko kwa karibu sana, nyingine kipande kikiwa kimerudishwa mahali pake bila gundi, hata unywele haupiti. Niliziambatanisha na picha ya kona ya boksi iliyobonyea upande uleule wa mkono. Walikuwa wameshanikatalia mara ya kwanza kwa sababu ya ukavu. Barua ya pili walilipa. Ndiyo maana naogopa sana hiyo gundi ya dada. Akishagundisha, ushahidi umefungiwa ndani.

Hukusema ulituma kwa posta au kwa kampuni ya vifurushi, na hapo ndipo njia zinapoachana.

Kama ni posta, unaongozwa na kanuni za Umoja wa Posta Duniani, ule wenye makao Bern. Nenda ofisi uliyotumia ukiwa na risiti, omba kufungua uchunguzi. Fomu yake inaitwa CN 08, itaje kwa jina hilo hata kama aliyeko kaunta ni mgeni. Una miezi sita kuanzia siku inayofuata ile uliyotuma, lakini usiitumie yote. Upande wa Hamburg, dada naye aripoti posta ya kwao bila kuchelewa, maana kikishapokelewa bila lalamiko, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakikuvunjikia sebuleni unakuwa wenu. Kama ulikata bima, unalipwa thamani halisi ya uharibifu, isizidi kiasi ulichokatia. Kama hukukata, kifurushi cha kawaida kina ukomo wa SDR 40 kwa kifurushi kujumlisha SDR 4.50 kwa kila kilo. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, kimoja kimekuwa kikizunguka dola 1.3 hadi 1.4. Kinyago cha kilo 6 basi kina ukomo wa SDR 67, kama dola 90 hivi.

Kama ni kampuni ya vifurushi na mzigo ulikwenda kwa ndege, unaingia kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Ujerumani zote ni wanachama. Huko lalamiko la uharibifu lazima liwe la maandishi na litolewe au litumwe kwa msafirishaji ndani ya siku 14 tangu mzigo kupokelewa. Simu haihesabiwi. Mazungumzo na wakala wao hayahesabiwi. Ukomo ni SDR 26 kwa kilo tangu mwisho wa 2024, kabla ya hapo ulikuwa 22, kwa hiyo zile kilo 6 zinafika SDR 156, labda uwe ulitamka thamani kubwa zaidi wakati wa kutuma na kulipia nyongeza. Siku 14 zinaisha haraka kuliko unavyofikiri. Dada akiwa ndiye aliyesaini kupokea, aandike barua pepe yeye leo, na wewe uandike yako.

Kuhusu thamani, nakuomba uwe mkweli hata kama inauma. Zawadi ya mtu kwa mtu inayoingia Ulaya isipozidi yuro 45 haitozwi ushuru, na wengi wetu tumeshaandika dola 30 kwenye karatasi ya forodha ili kumpunguzia ndugu gharama. Kama nawe uliandika hivyo, karatasi hiyo itawekwa mezani siku unayodai laki nne, na huna jibu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: ukikatia bima kubwa kuliko thamani halisi kwa kukusudia, posta haiwajibiki kabisa. Na bei inayohesabiwa ni ya huku, mahali na siku ulipotuma, siyo ile dada angelipa kwenye duka la Hamburg. Faida uliyotarajia au sherehe iliyoharibika haimo.

Ushahidi wa bei najua unakutisha, kwa sababu vibanda vingi havitoi risiti. Tafuta ule ujumbe wa M-Pesa au muamala wowote uliomlipa mchongaji. Halafu mrudie, mwombe akuandikie karatasi: aina ya kinyago, urefu, uzito, bei, tarehe, sahihi yake na namba yake ya simu. Wachongaji wanaijua kazi yao na wanaumia wakisikia imevunjika, sijawahi kukataliwa. Mwombe pia makadirio ya matengenezo, au dada aombe ya fundi wa huko, maana mkono mmoja ukikatika hutalipwa kinyago kizima ila gharama ya kukirudisha au thamani iliyopungua.

Barua yenyewe iwe fupi. Mimi huandika hivi: "Kifurushi namba fulani, kilitumwa tarehe fulani, kimepokelewa tarehe fulani. Kona ya chini upande wa kushoto imebonyea kiasi cha sentimita nne, na mkono wa kushoto wa kinyago umekatika upande huohuo. Nadai kiasi fulani. Vielelezo ni hivi." Hasira niliacha kuziandika siku nyingi, zinawapa nafasi ya kujibu hasira na kuacha hoja. Omba namba ya madai, na kila jibu likujie kwa maandishi. Wakinyamaza au wakikataa bila sababu, hatua inayofuata ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano inayosimamia pia posta na vifurushi, ila TCRA watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa mtoa huduma, ndiyo maana unahitaji hayo maandishi. Kama bima uliikata kwa kampuni ya bima peke yake, huko ni kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Safari nyingine, nitakuambia ninavyofunga siku hizi. Sehemu zote zinazochomoza, mikono, mikuki, masikio, nazizungushia vipande vya godoro chakavu hadi kinyago kinakuwa kama gogo nene. Kinaingia boksi la kwanza, hilo linaingia la pili, katikati sponji pande zote. Nalitikisa, nikisikia chochote kinacheza nafungua upya. Kila hatua napiga picha, na ya mwisho ni boksi likiwa juu ya mizani ya kaunta, uzito ukionekana. Dakika tano tu.

Sasa nijibu mambo matatu hapahapa: ulituma kwa nani (posta au kampuni, jina usilitaje), dada alipokea tarehe ngapi, na uliandika thamani gani. Na akishapiga picha ya uso wa mvunjiko, iweke, nitakwambia kama naona kuanguka au ukavu.