Zawadi Iliyogoma Kufunguka: Ushauri kwa Anayetaka Kutengeneza Mchezo wa Krismasi

Juma lililopita msomaji mmoja kijana aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeanza kutengeneza mchezo wa video wa Krismasi, nimebakiwa na wiki tatu. Nitawahi?" Niliusoma ujumbe huo mara mbili, nikailaza simu kifudifudi mezani na kunyamaza kwa muda, kwa sababu swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, na jibu lake nililipata kwa njia ambayo simwombei mwenzangu yeyote. Najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto ileile ya kutengeneza mchezo mmoja mdogo ambao watu watautoa kabatini kila Desemba pamoja na mapambo ya mti. Kwa hiyo jibu nililomwandikia nalirudia hapa kwa kirefu, pamoja na yale ambayo kwake niliona aibu kuyasema.

Mwaka wa kwanza nilikuwa tayari na mchezo mwingine, wa mvulana anayeruka juu ya mapaa akiokota nyota. Ilipofika katikati ya Novemba nikajiona nimelamba dume: nyota zigeuke zawadi, mapaa yapakwe theluji, mvulana avikwe kofia nyekundu, na muziki wa zamani uondolewe ziingie kengele. Nilimaliza usiku wa tarehe 19 Desemba, nikaupeleka kwenye duka la programu kulipokucha, nikalala usingizi wa mshindi.

Duka lenyewe sitalitaja. Kazi zinazopelekwa pale hukaguliwa kabla ya kutolewa, na mwishoni mwa Desemba foleni huwa ndefu huku wakaguzi wakiwa wamepungua, jambo ambalo kila mzoefu analijua na ambalo mimi sikulijua. Tarehe 24 nilijibiwa kwamba mchezo umekataliwa kwa sababu picha moja ya tangazo ilizidi upana uliowekwa. Niliipunguza picha ndani ya dakika tano, nikaituma tena, nikasubiri. Mchezo uliruhusiwa tarehe 27 jioni, wakati ambapo hakuna binadamu anayetafuta kengele. Hadi mwaka mpya unaingia ulikuwa umepakuliwa na watu 11, na wanne kati yao ni ndugu zangu wa damu. Januari nzima nililaumu duka. Hata leo, niseme ukweli, nikifungua ukurasa wao wa kupokea kazi nahisi kitu kikinikaba kooni.

Hata hivyo, duka halikuniuma kama alivyoniuma mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Nilimpa simu nikakaa pembeni yake kama mpishi anayemtazama mgeni akionja. Aliruka mapaa mawili, akaokota zawadi tatu, akaniuliza, "Mjomba, Krismasi iko wapi?" Nikamwonyesha theluji, nikamwonyesha mvulana kichwani. "Hiyo ni kofia," alisema, akanirudishia simu.

Nilikasirika kwa siku mbili, kisha nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maagizo ya kompyuta: nilitafuta michezo ya Krismasi iliyotangulia, ya miaka ya nyuma na ya karibuni, nikaicheza nikiwa na daftari mkononi, nikijiuliza kila mara swali la mpwa wangu.

Nianze na ule uliopingana nami, maana nataka kuwa mkweli. Lemmings, mchezo wa viumbe vidogo vinavyotembea kwa mkumbo hadi vitumbukie shimoni usipoviongoza, ulitolewa mwaka 1991, na matoleo yake ya Krismasi yaliyofuata katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1990 yaliwavika viumbe hao nguo za Baba Krismasi na kutandaza theluji ardhini. Ni kofia tupu, mtu anaweza kusema, na bado watu waliyapenda. Lakini waliyapenda kwa sababu tayari waliwapenda viumbe wenyewe, na ni raha kumwona rafiki wa siku nyingi akiwa amevaa nguo ya sikukuu. Mvulana wangu wa mapaa hakuwa rafiki wa mtu. Kumvika kofia mtu usiyemjua hakumfanyi awe mgeni wako.

Kisha nikauona Daze Before Christmas wa mwaka 1994, ambao humo unamwongoza Baba Krismasi mwenyewe, na akinywa kikombe cha kahawa hugeuka kuwa pacha wake mwovu, asiyedhurika, anayepiga maadui kwa gunia lake. Nilicheka peke yangu usiku. Mchezo wenyewe ni wa kawaida, wa kuruka na kupiga, wala sisemi ni wa ajabu, lakini mtu aliyeufikiria alijiuliza swali la kweli kuhusu Krismasi: mzee huyu anayefanya kazi usiku kucha kwa watoto wa dunia nzima, akichoka inakuwaje? Gunia la zawadi kugeuka silaha ni wazo ambalo haliwezi kutoka katika sikukuu nyingine yoyote.

Parasite Eve wa mwaka 1998 unaanza mkesha wa Krismasi katika ukumbi wa Carnegie Hall jijini New York, ambako watazamaji wa opera wanaanza kuwaka moto viti vyao vikiwa bado na joto la furaha. Batman: Arkham Origins wa mwaka 2013 unakwenda usiku mmoja tu, mkesha vilevile, ambapo jambazi ametangaza dola milioni 50 kwa muuaji atakayemmaliza Batman kabla hakujakucha. Katika michezo yote miwili Krismasi inafanya kazi: ni usiku ambao kila mtu anapaswa kuwa nyumbani kwake, hivyo aliye nje yuko nje kweli. Taa za mapambo zinamulika mitaa isiyo na mtu, na upweke wa shujaa huyo hauhitaji kuelezwa kwa maneno. Hapo niliandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, kwamba Krismasi iwe katika kile ambacho mchezaji anafanya au anakosa, na theluji ije baadaye.

Wanaotengeneza michezo mikubwa ya mtandaoni nao walinifundisha. Overwatch mwaka 2016 ilileta msimu wa baridi wenye mchezo wa kurushiana matonge ya theluji, ambamo kila mchezaji ana tonge moja tu, na akilirusha likikosa hana budi kukimbilia rundo la theluji kuchukua jingine huku akiwindwa. Badiliko moja la kanuni, na theluji iliyokuwa pambo ikawa risasi. Katika Animal Crossing, tarehe 24 Desemba mchezaji humsaidia kulungu aitwaye Jingle kugawa zawadi kwa majirani wa kijiji. Humo unatoa. Mimi nilimfanya mvulana wangu aokote zawadi juu ya mapaa ya watu usiku, na nilipolitazama jambo hilo kwa macho mapya nikaona kwamba nilikuwa nimetengeneza mchezo wa mwizi.

Mchezo ulionishika zaidi kuliko yote ni Christmas NiGHTS wa Sega, wa mwaka 1996. Ulikuwa diski ndogo ya Saturn, konsoli (mashine ya kuchezea michezo kwenye runinga) ya kampuni hiyo, kionjo tu cha mchezo mkubwa zaidi, lakini ulisoma saa ya ndani ya konsoli, na Desemba ikifika dunia yake yote iligeuka kuwa ya Krismasi. Novemba na Januari uliona majira ya baridi bila sikukuu. Hata tarehe 1 Aprili, siku ya wajinga, ulikuwa na mzaha wake. Nilipolielewa hilo nilisimama nikazunguka chumba. Mchezo unaojua leo ni siku gani! Mwaka wa pili, nikajiapiza, nami nitatengeneza mchezo unaoijua siku.

Niliutengeneza. Kilikuwa chumba kimoja chenye mti, na chini ya mti kisanduku chekundu chenye utepe, ambacho kisingefunguka hadi tarehe 25 Desemba. Kabla ya hapo ungeweza kukitikisa tu, na kila siku sauti ya ndani ilibadilika kidogo. Nilianza Agosti nikaamini nimewahi. Najivunia sauti zile hadi leo. Moja niliirekodi kwa kutikisa kiberiti chenye njiti tatu.

Tarehe 24, kwa saa zangu, ujumbe ukaanza kuingia. "Zawadi haifunguki." "Huku kwetu ni Krismasi tayari, mbona imefungwa?" Nilikuwa nimeuagiza mchezo uulize tarehe kwenye seva, kompyuta ya mbali inayouhudumia mchezo kupitia mtandao, na seva ilihesabu kwa saa ya ulimwengu, ambayo haijali mchezaji yuko wapi. New Zealand mwezi Desemba hutangulia saa hiyo kwa saa 13, kwa hiyo mtoto wa huko aliyeamka alfajiri ya Krismasi angekaa mbele ya kisanduku kilichogoma hadi baada ya chakula cha mchana. Kuna hata kisiwa katika Bahari ya Pasifiki kiitwacho Kiritimati, ambalo ni neno Krismasi kwa tahajia ya huko, nacho kiko mbele kwa saa 14. Niliwafungia Krismasi wenye kisiwa cha Krismasi.

Nilirekebisha usiku huohuo ili mchezo ufuate saa ya kifaa cha mchezaji, na hapo likazuka jingine: watu wakaanza kusogeza saa za simu zao mbele ili wafungue mapema. Nilihamaki, nikaandika msimbo wa kuwakamata. Nashukuru sikuutoa, kwa sababu mke wangu aliniuliza kama mimi nilipokuwa mdogo sikuwahi kuchungulia zawadi, na sikuwa na jibu la kumpa. Saa ya Saturn nayo ilisogezwa na wachezaji wa enzi zile, na hakuna aliyekufa. Waacheni wachungulie.

Kosa la mwisho ndilo baya zaidi. Niliagiza mti uonekane hadi tarehe 25, basi, wala sikufikiri nini kitatokea saa sita usiku mtu akiwa bado anacheza. Kilichotokea ni kwamba mti ulitoweka, na mchezo, ambao kila sekunde uliutafuta mti ili kuziwasha taa zake, haukuupata ukazima papo hapo. Mchezaji mmoja alinitumia picha ya mwisho aliyoiona: chumba kitupu, utepe sakafuni, kioo kimeganda. Hakuandika neno lolote chini yake. Wenye akili walishalijua hili. Katika Minecraft makasha hugeuka na kuonekana kama zawadi kuanzia tarehe 24 hadi 26, siku tatu, kwa hiyo sikukuu ina kizingiti cha kuingilia na cha kutokea.

Mwaka wa tatu nilianza Machi. Nirudie kwa anayesoma haraka: Machi. Nilitengeneza mchezo wa mtu anayepeleka zawadi katika nyumba ambayo wote wamelala, sakafu inalia, paka yuko macho, na kila zawadi ina mlio wake ukiibeba vibaya. Mchezaji hapokei chochote hadi mwisho. Ulikuwa dukani wiki ya kwanza ya Novemba, picha zote zikiwa na upana unaotakiwa, na sitaficha kwamba ulipendwa, tena na watu nisiowajua, ambao baadhi yao wamekuwa wakiucheza hadi Julai. Mpwa wangu, ambaye sasa ameota masharubu na haombwi tena maoni bure, aliumaliza kwa kikao kimoja. Hakutaja kofia.

Sasa nawaambia, wadogo zangu, kwa sababu naona wengi wetu tunalipenda lile neno "imetoka" kuliko kazi yenyewe: anzeni mapema. Mnaahirisha hadi mtakapozisikia kengele kwenye maduka, na kengele za maduka hulia kwa ajili ya wanunuzi, mtengenezaji akiwa ameshachelewa. Kama Krismasi katika mchezo wako inaweza kufutwa kwa kubadili rangi, bado hujaiweka. Usichelewe halafu ukamsingizia mkaguzi, kama nilivyofanya mimi kwa mwezi mzima huku picha yangu ikiwa ndiyo iliyozidi upana. Na anzeni mapema, maana sikukuu haitakusubiri hata ukiipigia magoti.

Kijana nilimshauri auweke mchezo wake hadi mwakani. Jana alinijibu kwa adabu kwamba ameshawaahidi wenzake, na kwamba ataupeleka hata kama ni tarehe 23, halafu akaniambatanishia nakala niujaribu. Una mti mzuri sana, taa zake zinapokezana vizuri kuliko zangu. Nimemwandikia kwamba, kabla hajaupeleka popote, aisogeze saa ya simu yake hadi saa tano na dakika 59 usiku wa tarehe 25, aache mchezo ukiwa wazi, na asubiri dakika moja.