Usiseme Umeshiba Kama Hujashiba

Maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni msichana wa miaka 16, nasoma kidato cha tatu hapa Mwanza, kwetu ni Nyegezi. Nimepita usaili wa mpango wa kubadilishana wanafunzi, na mwezi wa nane naenda Marekani kwa miezi kumi. Nitaishi na familia ambayo sijawahi kuiona. Wamenitumia picha yao: baba, mama, watoto wawili na mbwa. Baba yangu anauliza, watu wasiolipwa watamlisha mtoto wa mwenzao mwaka mzima kwa faida gani? Bibi anasema nikienda sitarudi. Ninachoogopa mimi ni kingine, na sijamwambia mtu. Nimesikia wengine wanahamishwa familia katikati ya mwaka. Ikitokea nami nikahamishwa, nyumbani nitasemaje?
Msichana wa Nyegezi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Usaili ule si mchezo.

Nianze na baba, maana swali lake ni la mzazi aliyeona mengi. Ni kweli, familia zinazopokea wanafunzi wa sekondari kule hazilipwi. Zinajitolea. Kinachoruhusiwa ni kuhesabu hadi dola 50 za kila mwezi kama sadaka wanapopiga hesabu ya kodi ya serikali, na hiyo haifidii hata chakula utakachokula. Wengi hupokea mgeni kwa sababu watoto wao wameshakua na kuondoka, au kwa sababu wana watoto wadogo na wanataka wakue wakijua kwamba dunia ina watu wengine. Mwambie baba pia kwamba kila mtu mzima wa nyumba hiyo, kuanzia miaka 18, huchunguzwa rekodi zake za uhalifu kabla hujafika, nyumba yenyewe hutembelewa, na mratibu wa eneo analazimika kuwasiliana nawe kila mwezi. Utapewa kadi yenye namba za mratibu, za shirika lililokupeleka, na ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ya kuwasaidia wanafunzi. Ukiipata, ipige picha uitume nyumbani siku hiyo hiyo. Pasipoti itunze mwenyewe.

Bibi naye ana jibu lake. Kama mpango wako unalipiwa na serikali yao, kama ulivyo ule wa YES ulioanzishwa 2002, kanuni ya viza inakutaka ukimaliza urudi nyumbani ukae miaka 2 kabla ya kuomba viza ya kwenda kufanya kazi au kuhamia kule. Utarudi, mwambie.

Sasa tuje kwenye lile ambalo hujamwambia mtu. Mimi nilihamishwa.

Nilikuwa na miaka 16 kama wewe, nimetoka Kirumba, nikapelekwa Duluth, mji wa jimbo la Minnesota ulio ukingoni mwa Ziwa Superior. Familia ya kwanza ilinipokea uwanja wa ndege na maputo na karatasi kubwa yenye jina langu. Hawakuwa watu wabaya, na nataka hilo ulishike tangu mwanzo. Asubuhi ya kwanza nilipiga goti kumwamkia yule mama, kama nilivyofundishwa na bibi yangu Msukuma, naye akadhani nimeanguka. Akaninyanyua kwa mikono miwili, akawa ananiangalia magoti. Tulicheka sote.

Mezani ndiko tulikopotezana. Wewe unajua kwetu ilivyo. Mgeni akiongezwa chakula hukataa kwanza. Unasema nimeshiba mama, mwenye nyumba anasema hujala kitu mwanangu, unakataa tena, anakupakulia kwa nguvu, ndipo unakula kwa raha zako. Siku ile kulikuwa na kuku wa kuoka na viazi vilivyopondwa. Nilikuwa nimechukua kidogo, kwa adabu. Yule mama akaniuliza kama nitaongeza. Nikasema hapana, asante. Akasema sawa, akalichukua bakuli, akalifunika kwa nailoni nyembamba, akaliweka kwenye friji. Niliufuata mlango wa friji kwa macho mpaka ulipojifunga. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na hakukuwa na kula tena mpaka asubuhi.

Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Nikaanza kudhani wanabana chakula. Wao wakadhani mapishi yao yamenishinda.

Baada ya kula nilikuwa nakwenda chumbani na kufunga mlango, kwa sababu mtoto hakai katikati ya mazungumzo ya wakubwa bila kuitwa. Kwangu hiyo ilikuwa heshima. Kwao, mtoto anayejifungia kila jioni ana jambo moyoni. Alfajiri nilikuwa naamka kabla ya wote, naosha vyombo kwa mkono na kufuta jiko, maana binti anayeishi kwa watu hasubiri kuambiwa. Mashine ya kuoshea vyombo ilikuwa hapo hapo chini ya meza ya jikoni. Baadaye sana nikaja kujua kwamba yule mama alikuwa akisikia maji alfajiri na kuona namwambia nyumba yake ni chafu.

Mratibu alipiga simu kila mwezi kama kanuni inavyosema. Habari za huko? Nikajibu nzuri. Septemba nzuri, Oktoba nzuri. Sisi hata kwenye msiba tunaanza na nzuri: habari za nyumbani, nzuri, ila tumefiwa. Yeye aliisikia ile nzuri, akashukuru, akakata simu. Hakujua kwamba kwetu habari yenyewe huja baada ya "ila", na mimi sikujua kwamba hatangoja.

Novemba tukakaa mezani wanne: wao wawili, mratibu na mimi. Yule mama alilia. Alisema wamejitahidi kila namna lakini wanaona siwataki. Mdogo wangu, mimi nilikuwa nimejipanga usiku kucha maneno ya kusema kwamba wao ndio hawanitaki. Tulitazamana kama watu waliosubiriana vituo viwili tofauti vya daladala. Ila miezi mitatu ya kudhaniana haifutiki kwa jioni moja, na kila mtu alikuwa amechoka. Nikafunga mabegi.

Mama yangu nilimficha wiki tatu. Yeye alikuwa anapiga Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi ya Mwanza, ambayo kwangu ilikuwa saa tatu usiku wa Jumapili, maana majira ya baridi tunapishana saa 9. Nilikuwa nageuza kamera ukutani asione kwamba chumba ni kingine. Nilijiona kama bibi harusi aliyerudishwa kwao. Siku nilipomwambia alikaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Umeiba?" Hapana. "Umempiga mtu?" Hapana. "Basi umehama nyumba. Mimi hapa Kirumba nimehama mara nne, hakuna aliyeniitia kikao." Nililala vizuri usiku ule, mara ya kwanza tangu niende.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Utasema umehama nyumba. Waratibu wanahamisha wanafunzi kila mwaka, na utaratibu wa kuhama upo kwa sababu inajulikana kwamba watu wasiofahamiana wanaweza kuwekwa pamoja wasipatane. Kama kuna mtu anakugusa vibaya, anakutisha, au unanyimwa chakula kwelikweli, hapo usingoje simu ya mwezi wala usitafute maneno ya adabu. Piga namba ya dharura iliyo kwenye ile kadi siku hiyo hiyo.

Familia yangu ya pili walikuwa mzee na mkewe, wamestaafu, watoto wao wako mbali. Safari hii niliamua kusema jioni ya kwanza kabisa, na mikono ilikuwa inatetemeka. Niliwaambia: kwetu mgeni akiambiwa aongeze husema hapana hata akiwa na njaa, kwa hiyo tafadhali niulizeni mara mbili. Yule mzee aliinuka, akachukua sufuria, akaniuliza mara mbili papo hapo. Nikala sahani ya pili ya supu ya maharage. Tangu siku hiyo mpaka naondoka aliniuliza mara mbili, na mkewe akawa ananiuliza mara ya tatu.

Shuleni nilikariri kwamba Ziwa Victoria ni la pili duniani kwa ukubwa kati ya maziwa ya maji baridi. Sikuwahi kuuliza la kwanza ni lipi. La kwanza lilikuwa linaonekana dirishani mwa jikoni yao: kilomita za mraba zipatazo 82,000, na letu ni kama 68,800. Januari, siku za nyuzi 20 chini ya sifuri, lilifanya barafu pwani, nikawaona watu wamekaa juu ya maji wanavua kwa tundu. Nililia siku ile, sijui kwa nini. Labda kwa kuona ziwa limenyamaza.

Lakini mwisho wa Aprili barafu ilipoondoka, mzee akanivisha suruali ya mpira inayofika kifuani, akanipa upande mmoja wa wavu, tukaingia majini usiku. Kuna samaki wadogo weupe wanaoitwa smelt, wanasogea ufukweni kutaga majira hayo, usiku. Wavu ulipotoka ukimetameta kwenye taa nilipiga kelele: dagaa! Nikaanza kusema bila kuulizwa. Nikawaeleza Mwaloni, soko letu la samaki na dagaa Kirumba, taa zinavyojipanga ziwani usiku wa giza mpaka unadhani kuna mji mwingine kule mbele, na kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika kwa sababu dagaa hawafuati taa. Jikoni yule mama alikuwa ameshika mkasi anakata vichwa. Nikamzuia. Nikawakaanga na vichwa vyao, nikaunga nyanya na kitunguu, nikasonga ugali wa unga wao wa mahindi ya njano, ukatoka mgumu kidogo. Mzee alikula kwa mkono. Aliniuliza mimi kama anaweza kuongeza.

Usingoje Aprili. Wiki ya kwanza waambie mambo ya kwenu yanayofanana na ukimya: kutomtazama mkubwa usoni, kukataa kwanza, kuitikia nzuri. Kaa sebuleni hata kama huelewi wanachocheka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko jembe huna budi kuliomba, uliza kazi ipi ni yako na wanapenda ifanywe vipi. Na mratibu akikuuliza habari, anza na "ila".

Hukuuliza, lakini ujue: masomo ya kule hayakuhesabiwa hapa. Nilirudi Juni, wenzangu wako kidato cha nne, nikaingia kidato cha tatu katikati ya mwaka. Zungumza na mkuu wa shule sasa, na mkubaliane kwa maandishi.

SWALI: Mwanangu wa kiume, miaka 17, amerudi Juni baada ya mwaka Ujerumani kwenye familia ya wenyeji. Baba yake akisema naye anamkazia macho usoni. Wageni wakimkaribisha chakula anasema sitaki, basi. Kila ninachomtuma anauliza kwa nini. Majirani wanasema ameharibikia Ulaya. Nimrudisheje?
Mama wa Igoma

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Hajaharibika. Mwaka mzima amekaa na watu wanaomheshimu anayewatazama machoni, na wanaoamini sitaki ya mtu. Alijifunza kwa shida, pengine kwa kulala njaa, na sasa anatakiwa ajifunze upya kwao alikozaliwa. Inachosha, mama.

Mimi nilipofikishwa kwa shangazi yangu Misungwi, akaniuliza kwa desturi kama nimekula. Nikasema hapana, nina njaa sana. Chumba chote kikanyamaza. Mama yangu hakunikemea mbele za watu, na hilo namshukuru mpaka leo. Tulipofika nyumbani aliniambia nimpikie nilichokuwa nakula kule. Nikapika supu ya maharage ya yule mzee, na wakati naikoroga nikamweleza mambo ambayo kwenye simu sikuweza. Mwombe wako akupikie. Akipika, kaa naye jikoni. Baba yake naye aelezwe kwamba yale macho si ukaidi.

Kisha mpigieni simu yule mama wa Ujerumani, majira haya mmepishana saa moja tu. Mwanao atatafsiri. Mama yangu alifanya hivyo na yule mama yangu wa pili wa Duluth. Walizungumza dakika arobaini nami nimekaa katikati natafsiri, na karibu muda wote walikuwa wanaulizana kama ninakula vizuri.