Nikipaka rangi nyumba mwenyewe nawanyima mafundi riziki?

SWALI: Habari za kazi. Mi ni fundi cherehani hapa Kilombero, Arusha. Nataka kupaka rangi nyumba yangu mwenyewe, rola na ndoo za rangi nishanunua, sasa jirani ananiambia watu kama mimi ndo tunaua uchumi, eti hela isipomfikia fundi mtaa mzima unalala njaa. Ana ukweli huyu?

JIBU: Kidogo tu dada. Hela usiyompa fundi rangi haiyeyuki, utanunulia kitambaa, utalipa ada au utaiweka kwenye kikoba mwenzio akope, kwahiyo inazunguka vilevile ila inapita mlango mwingine, labda uifukie chini ya godoro. Mwanauchumi Mfaransa Frédéric Bastiat aliliandika hili 1850 kwa kisa cha kioo cha dirisha kilichovunjwa, watu wanamuona fundi kioo aliyepata kazi, fundi viatu aliyekosa hela ileile, ambayo mwenye dirisha angenunulia viatu, hawamuoni.

Nahisi jirani kachanganywa na hesabu za Pato la Taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini. Ukimlipa fundi, kazi yake inaingia kwenye hesabu, ukipaka mwenyewe jasho lako halimo, imo rangi ya dukani tu. Na zina vituko kweli hizo hesabu! Mahindi unayolima Ngaramtoni ukala na wanao yanakadiriwa yanaingizwa, ila kuyasongea ugali nyumbani haihesabiwi, wakati mama ntilie akisonga ugali huohuo akauza, huyo kahesabiwa. Sa nani atasema mama wa nyumbani hafanyi kazi?

We jiulize muda wako ungefanyia nini. Kama ni Januari, shule zinafunguliwa, wateja wamekujazia oda za yunifomu na wewe uko juu ya ngazi rangi inakuchuruzikia mpaka kwenye kiwiko, hapo umekula hasara, na si wewe peke yako maana mtoto wa watu anaenda shule na sketi ya mwaka jana na fundi rangi yupo kijiweni anapiga stori, kila mtu kakaa pasipo pake. Hapo mlipe fundi, we shona.

Ila miezi ile cherehani imelala na hakuna oda, paka tu bila kumuogopa mtu, muda huo ungepotea bure. Ukuta wa nje subiri masika yaishe. Na waya za umeme usiguse kabisa, hapo mtafute fundi hata kama huna kazi yoyote ya kufanya.