Maswali ya Wasomaji: Chambo Kikubwa kwa Besi Mkubwa

Barua tulizopokea safari hii karibu zote zinahusu uvuvi wa besi mdomo-mpana, samaki mwindaji wa maji baridi ambaye kwa miaka mingi wataalamu wamemwita Micropterus salmoides, kwa kutumia chambo bandia kikubwa chenye umbo la samaki, ambacho wavuvi wamezoea kukiita swimbeti. Nimechagua barua sita, nikazifupisha, na nimezijibu kwa kadiri ya nilivyojionea majini na ninavyoielewa tabia ya samaki huyu.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka kadhaa nimevua besi kwa vyambo vidogo vya mpira, na mkubwa kuliko wote niliowahi kumpata hakufika kilo tatu. Wenzangu wananiambia nihamie chambo cha inchi nane au kumi. Je, kweli samaki humeza kitu kikubwa kiasi hicho, au ni maneno ya wauzaji tu?

JIBU: Humeza, tena bila taabu. Besi hatafuni windo lake. Hukifungua kinywa ghafla, mashavu yakapanuka, na maji yakavutwa ndani pamoja na chochote kilichomo. Kinachomwekea mpaka si urefu wa windo bali unene wake ukilinganishwa na upana wa kinywa, na ndiyo maana samaki mwembamba asiye na miiba migumu, kama trauti, huweza kupita kooni hata akiwa na urefu unaokaribia nusu ya urefu wa besi mwenyewe, ilhali blugili, aliye bapa na mwenye miiba mgongoni, humshinda akiwa mfupi zaidi.

Kuna pia hesabu ya nguvu. Besi mzito, ambaye takriban siku zote ni jike kwa kuwa madume hawafikii ukubwa huo, hapati faida akiwakimbiza dagaa ishirini mmoja baada ya mwingine. Trauti mmoja mnono humtosha kwa siku kadhaa. Hilo lilionekana wazi katika mabwawa ya kusini mwa California, ambako besi wa asili ya Florida walipandikizwa katika eneo la San Diego kuanzia mwaka 1959. Mabwawa mengi ya huko huongezwa trauti waliofugwa kila majira ya baridi kwa ajili ya wavuvi wa burudani, na trauti hao hufika majini wakiwa wanene, wageni, na wasiojua adui ni nani. Besi wakanenepa kupita kiasi. Wavuvi wa huko walipoona mikia ya trauti ikichungulia kooni mwa besi waliowanasa, hawakuhitaji mwalimu. Walianza kuchonga mbao zenye umbo na rangi ya trauti, na A.C. Plug ya Allan Cole ni mojawapo ya kazi zinazokumbukwa zaidi kutoka enzi hizo. Vya mpira laini vilikuja kufuata, hadi vile vinavyofanana na samaki wa kweli mpaka kwenye mboni ya jicho.

Hata hivyo, usinunue ukubwa kwa ajili ya ukubwa. Kama maji unayovua hayana samaki yeyote wa kuliwa anayezidi urefu wa kidole, besi wa hapo huenda wasikipe maana yoyote chambo cha inchi kumi, na hutakuwa na kosa la kuwalaumu nalo. Chunguza kwanza wanakula nini. Chambo kikubwa hakimwiti samaki kutoka mbali. Kinachofanya ni kumpa yule aliyepo sababu ya kuondoka mafichoni, na kama hayupo, umebeba mzigo bure.

SWALI: Nimesoma kwamba rekodi ya dunia ya besi mdomo-mpana ina wenyewe wawili. Inawezekanaje, na je, walitumia swimbeti?

JIBU: Wa kwanza ni George Perry, aliyevua besi wa pauni 22 na aunsi 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10, katika Ziwa Montgomery jimboni Georgia, Marekani, tarehe 2 Juni 1932. Wa pili ni Manabu Kurita, katika Ziwa Biwa nchini Japani, tarehe 2 Julai 2009. Samaki wa Kurita alizidi kwa karibu aunsi moja, lakini kanuni za IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi hizi, zinataka samaki wa uzito huo ampite mwenzake kwa aunsi 2 au zaidi ndipo ahesabiwe kuwa amemshinda. Kwa hiyo wakaandikwa sare, miaka 77 ikiwa katikati yao.

Kuhusu chambo, itawasikitisha wapenzi wa swimbeti: Perry alitumia chambo cha kuchonga cha kawaida ya zama zake, na Kurita alitumia blugili hai. Yupo pia samaki wa tatu ambaye hayumo katika orodha. Mwaka 2006, katika Bwawa la Dixon huko Escondido, California, Mac Weakley alimpandisha besi wa pauni 25 na aunsi 1, lakini ndoano ilikuwa imemshika mwilini badala ya kinywani, naye akamrudisha majini bila kudai rekodi. Samaki huyo alikuwa na doa jeusi karibu na shavu, na kwa doa hilo alikwisha kutambuliwa kuwa ni yule yule aliyewahi kunaswa na wengine miaka ya nyuma. Mwaka 2008 alikutwa akielea, amekufa. Mimi naiona habari hiyo kuwa na mafunzo zaidi kuliko rekodi yenyewe, kwa sababu inathibitisha kwamba samaki mmoja mkubwa akirudishwa vizuri huendelea kukua na kunaswa tena.

SWALI: Nahitaji vifaa gani? Ufito wangu wa sasa ni wa futi sita na nusu, na mshipi ni wa kuhimili pauni 12.

JIBU: Viweke kando kwa kazi nyingine. Swimbeti ya inchi nane huweza kuwa na uzito wa aunsi nne au zaidi, na ufito mwepesi ukilazimishwa kuirusha utavunjika au utakuchosha bega kabla ya saa sita mchana. Tafuta ufito wa futi nane hivi, mgumu chini na wenye kunyumbuka kidogo kuelekea nchani, ulioandikwa na mtengenezaji kwamba unahimili uzito wa chambo chako, pamoja na rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, pana na yenye nafasi ya mshipi mnene. Mshipi wa nailoni wa pauni 20 hadi 25 unatosha katika maji ya wazi. Penye magogo na majani mazito, wengi hupendelea mshipi wa kusokotwa wa pauni 65 na kuendelea.

Kurusha kwenyewe ni tofauti. Usipige kama mjeledi. Acha chambo kining'inie chini ya ncha kwa urefu wa mkono hivi, kirudishe nyuma taratibu, kisha kizungushe mbele kwa mikono yote miwili kwa mwendo mmoja usiokatika. Nilijifunza hayo kwa gharama. Siku yangu ya kwanza nilirusha kwa haraka, mshipi ukajifunga katika rili chambo kikiwa bado angani, ukakatika kwa mlio kama wa kamba ya gitaa, nami nikabaki nikitazama chambo kipya kabisa kikiruka peke yake na kutua mahali ambapo ufito wangu usingefika tena. Tangu siku hiyo hukata urefu wa mkono mmoja wa mshipi na kufunga fundo upya kila baada ya saa moja au mbili, hata kama sioni kasoro yoyote.

SWALI: Samaki wakubwa wanakifuata chambo changu hadi karibu na mtumbwi, kisha wanageuka na kuondoka. Hili limenitokea mara nyingi mpaka nimekata tamaa. Nifanye nini?

JIBU: Hili ndilo swali lenyewe, na kila anayetumia vyambo hivi ameliishi. Maji yakiwa angavu huliona jambo lote: nyuma ya chambo kunatokea doa la kijani lisilo na umbo, linakua, linapata macho, na ghafla unamwona samaki mzima akiwa shubiri moja tu nyuma ya mkia, mapezi ya kifuani yakipepea polepole, akienda kwa mwendo ule ule wa chambo. Ukisimamisha, naye anasimama. Halafu jicho linainuka kidogo, anauona mtumbwi au kivuli chako, na anazama kinyumenyume pasipo haraka, kama mtu aliyeahirisha ununuzi.

Samaki huyo hakukikataa chambo kwa sababu ya rangi. Amepewa muda mrefu mno wa kukikagua. Windo la kweli likigundua kwamba linafuatwa halibaki na mwendo mmoja. Hushtuka, hugeuka, hukimbilia mahali. Kwa hiyo badilisha jambo mapema, chambo kikiwa bado katikati ya safari, wala usingoje mpaka umwone. Zungusha rili mara mbili kwa kasi, kisha acha kabisa. Kama unatumia aina ya mbao au plastiki ngumu yenye kiungo kimoja katikati, ambayo huyumba kushoto na kulia kwa mapana, legeza mshipi kisha uuguse kwa ncha ya ufito: chambo kitageuka na kumtazama mfuasi wake uso kwa uso, na mara nyingi hapo ndipo kinywa hufunguka, kwa njaa au kwa hasira, sijui ni ipi.

Muhimu zaidi ya hayo ni pembe unayorushia. Besi mzito hupenda kulibana windo lake dhidi ya kitu: mwamba, ukingo, mti uliozama, au uso wa maji. Chambo kinachotoka kwenye kina kifupi kwenda kwenye maji marefu kinampa windo njia ya kutorokea, na besi analijua hilo. Ukisimama ukingoni, au ukiuweka mtumbwi karibu na ukingo na kurusha kuelekea kwenye kina ili chambo kipande mteremko, windo linakuwa linakimbilia pasipo na mlango. Mimi nimepata samaki wangu wakubwa kwa njia hiyo kuliko kwa nyingine yoyote, ingawa chambo hunasa chini mara nyingi zaidi na inabidi uwe na moyo wa kukipoteza.

Na samaki akishakufuata mara moja, usimrushie tena na tena. Kariri mahali alipotokea, ondoka, urudi wakati mwanga umefifia au upepo umeanza kuukunja uso wa maji. Mawimbi madogo humficha mvuvi na huficha pia kasoro za chambo.

SWALI: Namba zinazoandikwa kwenye baadhi ya vyambo vya mpira zina maana gani? Na rangi ipi ni bora?

JIBU: Kwenye chambo maarufu cha Huddleston chenye umbo la trauti, namba inayofuata herufi ROF inaonyesha ni futi ngapi hivi kitazama kwa sekunde kumi. Namba 5 ni ya maji mafupi, namba 12 hukifikisha chini upesi zaidi. Ukihesabu sekunde tangu kilipotua, utajua kipo kina gani, na hiyo ni faida kubwa. Kuhusu rangi, fananisha na samaki waliomo, na usiku au majini penye tope tumia kitu cheusi chenye umbo linalosomeka. Zaidi ya hapo rangi humvua mvuvi dukani.

SWALI: Nikimpata samaki wa kilo tano au sita, nimshike vipi ili nimrudishe akiwa hai? Na nitajuaje uzito kama sina mizani?

JIBU: Jiandae kabla hajafika. Koleo ndefu liwe wazi pembeni, wavu uwe umelowa. Swimbeti nyingi hubeba ndoano za ncha tatu, na samaki mzito akijitikisa mkononi mwako ndoano ya pili itaingia kidoleni mwako, hivyo mtoe ndoano akiwa bado majini ndani ya wavu. Lowesha mikono usimbandue ute unaomkinga. Usimning'inize mlalo kwa taya la chini peke yake. Mkono mmoja ushike taya, wa pili ubebe tumbo, kwa kuwa uzito wote ukiegemea taya huweza kuliumiza asiweze tena kula. Apigwe picha moja au mbili, arudi. Kama ametoka kwenye kina kirefu na tumbo limevimba kwa hewa, mwachie haraka zaidi, usimweke katika tangi.

Samaki wa ukubwa huo amechukua miaka mingi kuufikia. Jimbo la Texas limekuwa na mpango tangu mwaka 1986 wa kuwapokea besi wa pauni 13 na zaidi kutoka kwa wavuvi ili wazalishwe, jambo linaloonyesha thamani yake akiwa hai. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kuwarushia chambo samaki waliomo viotoni: dume linalolinda mayai likiondolewa hata kwa dakika chache, blugili huingia na kuyala mayai.

Uzito unakadiriwa kwa utepe. Pima urefu kwa inchi, kisha mzingo wa mwili mahali palipo panene zaidi. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 800, na jibu litakuwa pauni. Besi wa inchi 26 mwenye mzingo wa inchi 20 atakupa pauni 13, karibu kilo 6. Fungia utepe huo kwenye mpini wa wavu, kwani ukiwa mfukoni hutauona kwa mikono inayotetemeka.