Re: Wanawake walianza lini kuhubiri kwa Wamethodisti?

Dada, umeuliza kama wanawake walianza kuhubiri baada ya kuruhusiwa kuwa wachungaji. Hapana, walianza zamani sana kabla ya hapo. Nichukue AME tu, kanisa la Wamethodisti weusi wa Marekani.

Jarena Lee alimfuata Richard Allen, mwanzilishi mwenyewe, akamwambia Mungu amemwita ahubiri. Allen akamjibu kuongoza maombi sawa, ila kuhubiri utaratibu wa kanisa hauruhusu wanawake. Mama wa watu akarudi nyumbani, akaolewa, akafiwa na mume akabaki na watoto wadogo wawili, na ule wito haukumtoka. Sasa 1819 yuko ibadani pale Bethel, Philadelphia, mhubiri anafundisha habari za Yona halafu katikati akaishiwa kabisa, Jarena akasimama palepale akaendeleza andiko lilelile, akasema mimi ndiye Yona, nimekawia kutii. Alipokaa chini alikuwa anatetemeka akijua watamfukuza, kumbe Allen, wakati huo ni askofu, akainuka akawaambia watu huyu mama alinifuata miaka minane iliyopita nikamzuia, leo naamini ameitwa kama mhubiri yeyote hapa.

Baada ya hapo akazunguka miaka na miaka, nyingine kwa miguu, hadi majimbo ya utumwa alifika.

Lakini kumwekea mikono hawakumwekea. AME wamekubali uchungaji kamili wa wanawake 1960, na askofu mwanamke wa kwanza, Vashti McKenzie, ni 2000. Hiyo miaka yote katikati inaniuma kwa kweli, maana kazi walikuwa wanaifanya.