Kipindi cha michezo kisipunguzwe, kibadilishwe

Swali la wiki lilituuliza iwapo kipindi cha michezo katika shule za msingi kipunguzwe ili watoto wapate muda zaidi wa kusoma na kuhesabu. Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na jibu langu ni kwamba kisipunguzwe, ingawa kwa jinsi kinavyoendeshwa katika shule nyingi siwashangai wazazi wanaokiona ni kupoteza muda. Hutolewa mpira mmoja, wavulana wenye nguvu wakaunyang'anyana na wengine wakaketi chini ya mwembe. Au darasa zima huamriwa kuzunguka uwanja mpaka kengele ilie.

Mbio hujenga moyo na pumzi, na hilo ni jema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa. Hata hivyo, mbio peke yake hazimfundishi mtoto kupatanisha jicho, mkono na mguu. Mtazameni aliye katikati ya mchezo wa rede: wenzake wawili wanamrushia mpira wa soksi kutoka pande mbili, naye, huku akijaza mchanga kwenye chupa, hana budi kukadiria mwendo wa mpira, kuinama, kuruka na kugeuka, kisha kuirudia chupa bila kuiangusha. Katika mchezo wa mdako, kete moja ikiwa hewani, vidole huchota nyingine shimoni na kuwahi kuidaka ile ya juu. Mdako hautoi jasho, rede inalitoa. Ndiyo maana naichezesha yote miwili.

Wanaodai muda wa kuandika wakumbuke kwamba mtoto huanza kumudu kiwiliwili na mabega kabla ya vidole, na asiyeweza kukaa wima bila kulalia dawati huchoka upesi kushika penseli.

Tena watoto hawakui kwa mwendo mmoja. Utafiti wa shirika hilohilo, uliochapishwa mwaka 2006 baada ya kuwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, ulionyesha kuwa watoto wenye afya njema huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya takriban miezi 8 na 18. Kwa hiyo mtoto wa miaka 6 asiyeweza kudaka asichekwe; apewe mpira mkubwa, laini, arushiwe kwa karibu, na umbali uongezwe taratibu.

Mashindano ya UMITASHUMTA, yaani ya michezo ya shule za msingi Tanzania, yana faida yake, ila huanza kwa kuchuja, na wanaochujwa ndio wanaokihitaji zaidi kipindi hiki. Ningependa ratiba itenge dakika 20 kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, badala ya kipindi kirefu cha Ijumaa mchana, ambacho mitihani ikikaribia ndicho cha kwanza kufutwa.