Mshahara Unatosha, Mbona Presha Haishuki?

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii: “Dada, sikosi chakula wala kodi ya nyumba, lakini presha haishuki. Kazini naonekana si kitu. Nifanyeje?” Ndugu yangu, hali hiyo naijua.

Nilianza kazi nikiwa karani wa chini kwenye ofisi kubwa. Mkuu wetu alikuwa akipita mezani kwangu bila hata salamu, na mbele ya wageni aliniita “yule binti wa mafaili”. Elimu tulikuwa sawa. Mshahara wake ulikuwa wangu mara nyingi, na kila mtu alihakikisha nalijua hilo. Usiku silali, moyo unadunda. Daktari akanipima, akaniuliza habari za chumvi. Habari za kazi hakuuliza. Mpaka leo linaniuma.

Miaka ilipita ndipo nikakutana na utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali wanaume jijini London. Nilisoma huku machozi yananitoka. Wale watu hawakuwa mafukara: walikuwa na ajira ya uhakika, na matibabu ya umma yalikuwepo. Hata hivyo, wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya mara tatu kuliko wa ngazi ya juu kabisa. Sigara, presha na kolesteroli vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili ulianza mwaka 1985, ukiongozwa na Michael Marmot, safari hii na wanawake wakiwemo. Ukaonyesha kwamba asiye na usemi juu ya kazi yake yuko katika hatari zaidi ya kuugua moyo.

Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walichambua tafiti 208 za maabara. Waligundua kuwa kortisoli, homoni ya msongo, hupanda zaidi mtu anapohukumiwa na wenzake huku matokeo hayako mikononi mwake. Kwangu mimi hayo ndiyo yalikuwa maisha ya kila siku ofisini.

Na haliishii kwenye moyo. Miongoni mwa nchi tajiri, zile zenye pengo kubwa la kipato huwa na mauaji mengi zaidi na watu wake huaminiana kidogo. Wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani kinatokana na pengo lenyewe na kiasi gani na umaskini. Mimi nimeonja dharau nikiwa nimeshiba, kwa hiyo msimamo wangu unajulikana.

Sote tunataka kupanda, basi tupande tukiwa wazima. Tafuta sehemu ya kazi ambayo uamuzi ni wako, hata ikiwa ndogo. Mimi niliomba kupanga ratiba ya kitengo, nikapewa, na usingizi ukaanza kurudi. Usikope ili ufanane na wanaokuzidi. Zungumzeni mishahara yenu ninyi wenyewe, maana siri hiyo inamlinda anayelipa. Dai usemi, tena dai usemi! Leo naongoza idara, na hakuna ninayempita bila kumsalimu. Wakuu mnaonisoma, mishahara mkishindwa kuipandisha, heshima nayo inawashinda nini?

Wewe uliyeniandikia, dawa za presha usiziache. Ukirudi kliniki, mweleze daktari habari za kazi hata asipokuuliza.